Kiraka cha Terazo

"Weka tindo chini, Abdulatifu. Nimekuona kwa macho yangu."

"Umeniona nini, mke wangu?"

"Mimi si mke wako! Nimekuona unabandua kiraka kilichokwisha kukauka. Kigumu kama mfupa! Halafu kesho unipigie simu: 'Mwanne, kimebanduka tena, nakuja kuziba.'"

Abdulatifu aliitazama kaunta ya jikoni kana kwamba ndiyo iliyomchongea. Jeraha lenyewe lilikuwa dogo, ukingoni mwa terazo, pale Mwanne alipodondosha mchi akitwanga vitunguu saumu. Fundi yeyote wa mtaa huu wa Isevya angechanganya saruji nyeupe na vipande vya marumaru, akajaza, akafunika kwa kitambaa kibichi, akarudi kusugua, basi. Huyu alikuwa amejaza mara tatu. Mara zote tatu, eti kiraka kimekataa.

"Wewe ni fundi mbovu au ni mwongo?" Mwanne aliuliza, mikono kiunoni, dera lake la zambarau limelowa maji ya vyombo. "Chagua moja, nijue nakufukuza kwa lipi."

"Fundi mbovu," akajibu haraka.

Mwanne akazidi kuchanganyikiwa. Fundi gani anaukimbilia ubovu?

Walikuwa wamekutana sokoni, kwa wauza asali. Mwanne alikuwa na dumu kichwani, akipenya kwenye msongamano, sauti ikamjia nyuma: "Mnyamwezi, tua mzigo! Misafara ilikwisha zamani!" Akageuka akaona kijana mrefu, kofia ya kiua, suruali ina vumbi la saruji mpaka magotini. Akamjibu palepale: "Mzaramo, nani kakufungulia kamba?" Soko zima likacheka. Kabla asali haijapimwa, walikuwa wamepeana namba.

Babu zake Mwanne walipita Uzaramo na mizigo mabegani wakienda pwani, na tangu hapo makabila hayo mawili ni watani. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, wala hukasiriki. Hapo ndipo ilipokuwa taabu ya Mwanne. Mwanamume mwingine akikwambia "mpenzi", unajua pa kuliweka neno lake. Abdulatifu akimwita "mke wangu niliyemrithi kwa babu", Mwanne alicheka, akakata simu, kisha maharage yakaungua akijiuliza.

Na leo hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Mzee mmoja wa Kaliua, mnunuzi wa tumbaku aliyefiwa na mkewe, alikuwa ameleta posa kwa mama yake Mwanne huko Urambo. Mama alitaka jibu baada ya swala ya alasiri. Adhana ilikuwa imekwisha zamani.

"Kuna mtu ananiposa," Mwanne akasema.

Tindo ikamponyoka Abdulatifu, ikalia sakafuni. "Nani?"

"Mtu mzima. Hana utani."

"Na wewe unamtaka?"

"Nitajuaje ninachokitaka, na wewe kila siku uko jikoni kwangu unabomoa unachojenga?"

Abdulatifu akasema, akitazama kaunta, "Kikikauka nitakuja kwa sababu gani?"

Mwanne akamtazama usoni. Hakuona kicheko. Lakini hata siku aliyomwambia ameota wana watoto tisa wote wabishi, uso wake ulikuwa hivihivi. Mungu wangu, nimwamini vipi mtu huyu?

Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, nimjibu nini mzee wa watu? Yuko barazani, kahawa imemwishia."

Mwanne akaminya spika, akaiweka simu juu ya terazo, kando ya lile tundu.

"Mama, subiri. Kuna mtu anataka kukusalimia."

Abdulatifu alimjua mama kwa simu. Hakuwahi kumwamkia hata siku moja. Salamu yake ilikuwa, "Bibi kizee, hujafa tu? Nawasubiri mbuzi wangu wa urithi," na mama akamtukana mpaka kikohozi kimshike.

"Msalimie," Mwanne akamwambia kwa sauti ya chini. "Kama ni utani, mtukane kama kawaida, na mimi namjibu wa Kaliua ndiyo, sasa hivi. Kama si utani, unajua mkwe anasalimiwaje."

Abdulatifu alivua kofia. Akafuta mikono kwenye suruali. Akachuchumaa pale jikoni, mbele ya simu, kichwa ameinamisha.

"Shikamoo, mama."

Kutoka Urambo akasikika kuku.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Abdulatifu."

"Yule Mzaramo? Mwanne, huyu anaumwa? Mbona hanitukani?"

"Haumwi, mama."

Simuni ikasikika pumzi ndefu.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema taratibu. "Basi ngoja nimwongezee mgeni kahawa. Atarudi Kaliua, na njia ni ndefu."

Simu ikakatika. Abdulatifu alikuwa bado amechuchumaa. Mwanne aliokota tindo, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, akautumbukiza ufunguo kifuani. Kisha akamsogezea bakuli la saruji nyeupe.

"Ziba," akamwambia. "Na safari hii kikauke."