Nani Kachukua Usukani wa Bilali?

Jumapili moja ya mwaka 1974, saa moja asubuhi, Bilali alikuta turubai la gari lake la mbio limechanwa ubavuni, kisha likashonwa. Kufuli la mnyororo uliofunga turubai lilikuwa mahali pake. Akalifungua, akaingia garini, akashika hewa. Usukani hakuna!

"Wallahi, wamenimaliza!"

Alikuwa ameendesha malori miaka thelathini, akaanza mbio akiwa na hamsini, watu wakamcheka mpaka wakachoka. Leo saa nane, kwenye mbio za barabara ya Nzilo, klabu ya magari ya Lubumbashi ingechagua dereva mmoja wa kwenda naye. Mzee wa miaka hamsini na miwili nani angemwita tena?

Alianza na Muamba, mpinzani wake, kijana wa maneno mengi.

"Weye ndiye ulikamata volan yangu?"

"Mi? Tata Bilali, mi nataka kukushinda mbele ya batu yote! Kama hauko, nitashinda nani?" Muamba akafungua buti la gari lake mwenyewe. Tupu.

Fundi wake, Asani, alipoulizwa alikasirika kabisa. "Ufunguo ya kufuli iko kwangu, patron. Nitachana turubai juu ya nini, sababu gani?"

Hapo Bilali akarudi kuutazama ule mshono. Uzi wa katani, na kila mwisho sikio la kushikia kama la gunia, limefungwa mafundo matatu. Akaangua kicheko. Mwizi gani anachana halafu anashona? Ni yule ambaye mkono wake hauwezi kuacha gunia wazi! Na soko zima la Kolwezi hufunga fundo moja, isipokuwa Mama Ndaya, muuza mihogo mikavu. Magunia yake Bilali alikuwa ameyapakia miaka na miaka.

Alimkuta sokoni, amekaa juu ya gunia.

"Mama Ndaya, simama. Fungua hiyo gunia."

Mama akang'ang'ania kidogo, kisha machozi yakamtoka.

"Juu ya nini, mama?"

"Juu utaenda Lubumbashi! Bashofere bengine, motokari ikiharibika njia ya Sandoa, banatupa mihogo yangu. Weye tu haukunitupa."

Hasira ikamwishia Bilali, huruma ikamshika.

"Ungeniambia, mama. Miaka yote nilipeleka bitu ya bengine. Leo acha nijipeleke miye."

Mama Ndaya akaufumua mshono wa gunia kwa meno, akautoa usukani.

Saa nane gari la Bilali liliondoka na mengine, likarudi peke yake mbele, Muamba akila vumbi nyuma. Bwana wa klabu akasimama kutangaza jina. Kabla hajafungua mdomo, sauti moja ikaupasua umati:

"Ni Bilali! Ni shofere yangu!"

Ilikuwa sauti ya mwizi wake, akilia na kucheka kwa pamoja.