Kitanzi Kisicho na Ncha

Fundi Sindano, mshona matanga, alirudi kutoka kula akakuta vitanzi vyote vinne vimefunguliwa.

Havikukatwa. Vifundo vilikuwa vimelegezwa uzi baada ya uzi, na kamba zimenyooshwa sakafuni, zimepangwa kwa urefu. Mlango wa karakana alikuwa ameufunga mwenyewe. Akasonya. Alidhani ni utani wa bintiye, yule nahodha asiyekua, akakaa chini kuvisokota upya.

Vitanzi hivyo vya kamba laini vilikuwa vya kushikilia kamba za kupunguzia tanga. Upepo ukichachamaa huvutwa, tanga likawa dogo, mashua ikapumua. Kwa miaka kumi na miwili mashua ya familia ilitumia pingu za chuma, pete nzito za kubania kamba kwenye tanga. Mwaka jana, tanga likipigapiga, pingu moja ilimpata mumewe kwenye paji la uso, na hakuamka. Mjane akazing'oa zote, akazitupa kwenye maji marefu, akaapa kwamba chuma hakitagusa tanga lile tena. Leo alasiri binti angeitoa mashua kwa mara ya kwanza tangu msiba, na upepo ulishaanza kupiga miluzi gatini. Kitanzi kikiachia huko, tanga zima lingebaki juu na mashua ingepinduka.

Alimaliza kitanzi cha kwanza, akakiweka nyuma yake. Ndipo aliposikia shshshsh, kamba ikipita katikati ya vidole, taratibu, vidole vya mtu asiye na haraka, na harufu ya kutu mbichi ikamjia puani, na japo jua lilikuwa limejaa madirishani akahisi baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo mpaka kisogoni, akageuka, akaiona ncha ya kamba ikijichomoa yenyewe kutoka kwenye kifundo, na hapakuwa na mtu.

"Shemeji." Mdogo wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni, midomo imemkauka. "Nani alikwambia uzitoe zile pingu?"

"Nani aniambie? Mimi mwenyewe."

"Punguza sauti. Kaka alinikataza nisikwambie. Mashua ile ina mwenyewe. Kila kifundo tulichofunga alikifungua, mpaka tulipoweka chuma. Chuma hawezi kukigusa."

"Mmekaa na jini miaka kumi na miwili mkanificha?"

"Tulikuonea huruma."

"Huruma hiyo ndiyo iliyoniulia mume!"

"Nina pingu nyingine kwenye gari," alinong'ona. "Tuzirudishe, yaishe."

"Thubutu."

Tanga lililotandazwa sakafuni likainuka katikati, likashuka, likainuka tena. Chini yake ikatoka sauti ya marehemu, ile ile, hata na kikohozi chake. "Funga, mke wangu. Funga nifungue."

Shemeji alijibana ukutani. Fundi Sindano naye aliogopa, tusidanganyane, lakini hasira ilimzidi woga.

"Sauti hiyo umeiba," alisema. "Na kazi yangu huichezei."

Akaitazama ile kamba iliyofunguliwa. Jini alikuwa ameanzia nchani, kama afanyavyo yeyote anayefungua kifundo. Akachukua kamba yenye uwazi ndani, akaikunja duara, na kwa sindano yake ndefu akazizamisha ncha zote mbili ndani ya kamba yenyewe, moja huku na nyingine kule, akaisugua kwa viganja mpaka hata yeye hakujua zilikoishia. Akakirusha kitanzi juu ya tanga.

"Haya, bwana mkubwa. Fungua."

Kitanzi kikaanza kuzunguka, polepole, kisha kasi, kikivuma, na harufu ya kutu ikajaa chumba mpaka shemeji akatapika, na ile sauti ikawa inauliza ncha iko wapi, iko wapi, ikizunguka pamoja na kamba, ikididimia, mpaka ikawa haitoki tena chini ya tanga bali ndani ya kamba yenyewe. Fundi Sindano alikidaka. Kilimuunguza. Akakipitisha kwenye tundu la tanga, kisha ndani ya kitanzi chenyewe.

"Shemeji, acha kutapika. Vuta!"

Wakavuta mpaka kikabana. Vitatu vilivyobaki alivisokota vivyo hivyo, na hakuna aliyevigusa.

Jioni binti alirudi amelowa chapachapa, tanga limepunguzwa nusu.

"Upepo ulitaka kutumaliza, mama. Vitanzi vimeshika." Akasogea karibu. "Ila kuna kimoja, kila nikivuta kamba, mtu yumo ndani anauliza ncha iko wapi. Mama, ni sauti ya baba."

Fundi Sindano alikishika kile kitanzi. Kilikuwa bado cha moto. Machozi yalimlenga, na hakuyafuta.

"Si baba yako," alisema. "Akiuliza tena, mwambie mama amesema atafute."