Pumzi Upande wa Kabati

Mume alikuwa mlinzi wa usiku, hivyo mchana nyumba nzima ilikuwa ya mikoromo yake. Mkewe, fundi cherehani, alishona sebuleni akiisikiliza kama wengine wanavyosikiliza redio. Siku moja mkoromo ukakatika, lakini mle chumbani mtu aliendelea kupumua, taratibu, upande wa kabati.

Akaingia. Mumewe kimya, midomo imebadilika rangi. Chumba kinanuka tope la kisima. Alipomtikisa, mume alishtuka akivuta hewa kwa kishindo, na ile pumzi nyingine ikanyamaza.

Hospitalini, daktari wa moyo hakushangaa. "Moyo wake umetanuka, na kila pumzi inapokatika usingizini unazidi kuumia. Alale na mashine hii. Inasukuma hewa ili koo lisizibe. Asiivue."

Habari za kabati mke hakuzitaja. Angeanzia wapi?

Mashine ilimfaa mume. Miguu ikapungua uvimbe, utani ukarudi. "Narusha ndege, mama watoto," alisema akijifunga barakoa ya mashine, akalala.

Ndipo mchana mmoja mke akaitwa. "Nivue. Nakosa hewa."

Alikimbia, na vidole vilikuwa vimeshashika mkanda wa barakoa alipoona kwamba chini ya plastiki ile midomo ya mumewe imefumba, kifua kinapanda na kushuka kwa raha, amelala fofofo, huku sauti ileile ya mumewe, na kikohozi chake kilekile, ikizidi kumbembeleza kwa kunong'ona kutoka nyuma ya milango ya kabati, "Nivue, mama watoto, hewa yake akiiacha ndiyo naivuta mimi, sasa unataka nivute nini?"

Aliishika barakoa kwa mikono miwili mpaka mume alipoamka. Jioni hiyo walilitoa kabati nje, wakalivunjavunja. Pumzi ikakoma. Hata daktari alifurahia vipimo.

Kisha mke akatoka kupeleka gauni la mteja. Aliporudi, mashine ilikuwa ikivuma peke yake, barakoa iko sakafuni. Mume ameketi kitandani, jasho linamtiririka, mkono kifuani.

"Kwa nini umevua?"

"Si wewe uliyeniambia?" Mume alihema. "Ulisimama hapo mlangoni, ukasema daktari amepiga simu, moyo umepona."

"Mimi ndiyo kwanza naingia."

Mume akashusha sauti.

"Basi aliyeingia jikoni sasa hivi ni nani?"