Mama Pindo na Wadudu Wanukao

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wahenga. Lakini wahenga hawakupata kulala nyumbani kwa Mama Pindo. Huko mgeni alikuja, na mwenyeji akaziba pua.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu pindo alizoshona hazikufumuka hata nguo ichakae. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha. Upande mmoja palikuwa na meza ya kukatia. Upande wa pili palikuwa na pasi, na ubao uliofunikwa blanketi kuukuu. Mchana alishona kwa mwanga wa jua. Jioni alivuta taa mpaka dirishani, akafungua kioo apate hewa, akaendelea na kazi.

Nje ya dirisha hilo paliota maharage ya kutambaa. Aliyeyapanda ni mama mkwe wake, ambaye aliishi pamoja naye na mumewe. Maharage yalikuwa yamepanda nondo za dirisha, yakawa yanachungulia ndani kama majirani wambea.

"Ona yanavyonisalimia," mama mkwe alipenda kusema. "Yana adabu kuliko wajukuu zangu."

Siku za baridi zilipoanza, wageni wakaingia.

Wa kwanza alionekana juu ya pazia. Alikuwa mdudu bapa, wa rangi ya udongo, mwenye umbo la ngao. Hakufikia ukubwa wa kifungo cha koti. Alitembea polepole, kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kuinunua. Mama Pindo hakumpa nafasi ya kutaja bei. Alimponda kwa subana ya chuma aliyovaa kidoleni asijichome sindano.

Lo! Harufu iliyotoka hapo ilikuwa kama ya mboga zilizooza ndani ya kiatu.

Kesho yake walikuja wengine. Walijificha kwenye mikunjo ya pazia, nyuma ya kabati, chini ya blanketi la kupigia pasi. Kila aliyeonekana alipondwa. Na kila aliyepondwa aliacha uvundo.

Wakati huohuo Mama Pindo alikuwa amepata kazi aliyoiomba kwa miaka. Matroni wa chuo cha uuguzi alimletea kitambaa cheupe, ashone sare za darasa linalohitimu.

"Nikiridhika nazo, kila darasa litashonewa hapa," Matroni alisema.

Siku hiyo Mama Pindo hakula mchana. Furaha ilimshibisha. Maisha yake yote alikuwa wa kutia viraka na kubana suruali za watu waliokonda. Sasa angeshonea chuo kizima!

Sasa, katika nyumba ya fundi nguo, pasi ndiyo jibu la kila swali. Nguo imejikunja? Pasi. Mshono umevimba? Pasi. Jioni moja mdudu alitua juu ya kola ya sare iliyokwisha kushonwa. Mama Pindo aliinyanyua pasi ya moto, akambandika nayo.

Mdudu alikufa. Lakini kola ilipata doa la kahawia, na harufu ikapanda pamoja na mvuke, ikaenea kwenye sare zote zilizokuwa zimetundikwa ukutani.

Mumewe, ambaye alikuwa kinyozi, alitaka kusaidia. Alikimbia kuleta manukato anayowapaka wateja baada ya kuwanyoa. Akazipulizia sare kwa moyo wote.

"Haya, mama, nusa," alimwambia mama yake. "Sasa zinanukaje?"

Mama mkwe alinusa, akakunja uso. "Zinanuka kama mdudu anayekwenda kuposa."

Hawajamaliza kucheka, Matroni akapiga hodi. Alikuwa akipita njia, akaona aangalie kazi. Alishika sare moja, akaisogeza puani, akairudisha taratibu.

"Fundi, hii ni harufu gani?"

"Ni... ni mafuta ya cherehani," Mama Pindo alijibu bila kumtazama.

Matroni hakugomba. Afadhali angegomba. "Mama, muuguzi anamwinamia mgonjwa mwenye kichefuchefu. Hawezi kumwinamia na harufu hii. Nitarudi Ijumaa. Zikiwa bado zinanuka, nitachukua kitambaa changu nimtafute fundi mwingine."

Mlango ulipofungwa, Mama Pindo alikaa kwenye kiti cha cherehani.

"Tuulize watu," mumewe alisema. "Huenda kuna mtu anayejua dawa yake."

"Tuulize nini? Mtaa ukisikia kwa fundi kuna wadudu, nani ataleta nguo yake hapa? Neno hili lisivuke kizingiti. Wewe ukiwa kwenye kibanda chako cha kunyolea, mwaga nywele, usimwage maneno. Na wewe, mama, nakuomba."

Mama mkwe alitikisa ungo. Alikuwa akipepeta mchele.

Asubuhi iliyofuata, jirani yao alipita kuchukua gauni lake. Alikuwa afisa wa kilimo, na watu walizoea kumwita Bibi Shamba. Mama Pindo alimpokea mlangoni, akasimama katikati ya mlango kama kufuli.

"Gauni lako hili hapa, jirani. Samahani, ndani kumejaa vitambaa, hata pa kukanyaga hapana."

Bibi Shamba alinyoosha mkono kulipokea. Ndipo sauti ikatoka ndani.

"Wewe mwanangu wa kilimo! Pita ndani! Nyumba yetu imejaa wadudu, inanuka mpaka sahani! Mkwe wangu anaona haya kukuambia!"

Mama Pindo alitamani ardhi ipasuke. Masikio yalimwaka moto. Lakini Bibi Shamba alikuwa amekwisha kuvua viatu.

"Shikamoo, mama," alimsalimu mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Nusa mwenyewe."

Bibi Shamba hakuhitaji kunusa sana. Alikunjua pazia, akaona mdudu mmoja. Mama Pindo akainua subana.

"Acha! Usimponde!" Bibi Shamba alimshika mkono. "Hapo ndipo unapokosea. Mdudu huyu akibanwa au akitishwa, anatoa harufu. Ndiyo silaha yake. Nipatie chupa yenye mdomo mpana, maji, na sabuni ya kuoshea vyombo."

Alitia maji chupani, akaongeza sabuni kidogo, akatikisa. Kisha aliiweka chupa chini ya mdudu, akamgusa kwa kipande cha karatasi. Mdudu alidondoka, akazama. Hapakuwa na harufu yoyote.

"Hee!" Mama Pindo alisema.

"Maji matupu hayatoshi. Ataelea, apande atoke. Sabuni ndiyo inayomzamisha."

"Kumbe. Na je, ni kunguni hawa? Wananyonya damu?"

"Ni jamaa zao, lakini si wale wa kitandani. Hawa hunyonya mimea. Hawana shida na damu yako. Ila majimaji yao huweza kuwasha ngozi na macho, kwa hiyo ukiwashika, nawa kwa sabuni."

"Mimi nilifikiri ninunue dawa kali nipulizie nyumba nzima."

"Usifanye hivyo. Sumu itatua kwenye vyombo, kwenye nguo, na kwenye mapafu yenu. Isitoshe, watakaofia ndani ya nyufa watavuta wadudu wengine waje kuwala. Ukiua mlevi mlangoni, utaletewa matanga." Alitabasamu. "Dawa kubwa ni kuwazuia wasiingie. Njoo tuone wanapitia wapi."

Walizunguka nyumba. Bibi Shamba alipitisha kidole kwenye fremu ya dirisha. Kidole kilizama kwenye ufa. Chini ya mlango mwanga wa jua ulipenya. Tundu la hewa lilikuwa wazi, halina wavu. Hatimaye alisimama mbele ya maharage. Aligeuza jani moja. Chini yake walikaa wadudu watano, wametulia kama wazee barazani.

"Mama," alimwambia mama mkwe kwa upole, "kambi yao ndiyo hii. Wanakula hapa. Baridi ikija wanatafuta joto, na nondo za dirisha ni ngazi yao. Jioni taa inawaka dirishani, inawaita: karibuni chakula cha jioni."

Mama mkwe alisogea karibu. Alishika ua moja la maharage, akaliachia.

"Niyang'oe?"

"Yasogeze tu mbali na ukuta. Panda mengine kule kwenye uzio, uyawekee miti yasimame. Haya yanayogusa nyumba yaondoke, pamoja na magugu na mbao zilizorundikwa hapo."

"Haya," mama mkwe alisema. "Nimewalisha wezi kumbe." Akaenda kuchukua panga mwenyewe.

Waliporudi ndani, Mama Pindo alionyesha sare. "Na hizi je, dada? Matroni anarudi Ijumaa."

"Hizo ni pamba. Ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na siki kidogo. Kisha uzifue, uzisuuze vizuri, uzianike juani. Ila zianue kabla jua halijapungua, na kila moja uikung'ute na kuigeuza ndani nje. Nguo iliyoanikwa nje ni gari lao la bure. Ukishapiga pasi, zifunike kwa shuka safi."

"Jirani mmoja wa kule chini nilimsikia akisifu vitunguu saumu," kinyozi alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na kopo la manukato, tayari kwa amri.

"Ni kweli, watu hutwanga vitunguu saumu, au huchemsha majani ya mnanaa, wakapulizia maji yake kwenye fremu. Yanaweza kusaidia kidogo. Harufu ikiisha, wadudu wanarudi. Huyo ni msaidizi, si mlinzi. Mlinzi ni ufa uliozibwa. Na wewe, shemeji, hilo kopo lirudishe kazini."

Basi nyumba nzima ikashika kazi. Kinyozi alinunua putii akaziba nyufa za fremu, akaipaka kwa uangalifu kama anachonga ndevu za mteja mkali. Tundu la hewa alilipigilia wavu, na dirisha pia. Mama Pindo alichukua mabaki ya kitambaa kizito, akashona mfuko mrefu mwembamba, akaujaza mchanga mkavu. Aliulaza chini ya mlango, nao ukaziba mwanga wote. Meza ya cherehani aliihamishia upande wa pili wa chumba. Jioni alishusha pazia kabla ya kuwasha taa.

Kwa wale waliokwisha kuingia, Bibi Shamba aliwafundisha mtego. Waliweka beseni pana la maji ya sabuni sakafuni, wakalining'inizia taa ndogo juu yake, waya ukiwa umefungwa imara mbali na maji. Taa nyingine zote za chumba walizizima. Wadudu walifuata mwanga, wakaanguka majini. Asubuhi mama mkwe alilitazama beseni, akasema, "Karibuni chakula cha jioni."

Sare zilifuliwa. Kola yenye doa ilibanduliwa, ikashonwa mpya. Zilipokauka, Mama Pindo alizinusa moja moja. Alimpa mumewe anuse. Akampa mama mkwe, maana pua ya mama mkwe haikuwahi kumwonea mtu huruma.

"Zinanuka jua," mama mkwe alisema.

Ijumaa Matroni alikuja. Alikunjua sare, akavuta mshono, akaangalia pindo. Kisha akaisogeza puani. Mama Pindo alishika ukingo wa meza. Safari hii hakutaka kuficha.

"Matroni, siku ile nilikudanganya. Hayakuwa mafuta ya cherehani. Walikuwa wadudu, wale bapa wanaonuka. Tumewazibia njia."

Matroni aliacha kunusa. "Wa kahawia? Kama ngao?"

"Ndio hao."

"Mbona na bwenini kwetu wamejaa! Wasichana wanawaponda kwa viatu, usiku hakulaliki. Mmewafanyaje?"

Mama Pindo akamwonyesha chupa ya sabuni, na mfuko wa mchanga chini ya mlango. Matroni aliuinua ule mfuko, akaupima kwa mikono.

"Sare nazichukua," alisema. "Darasa linalofuata watakuja wenyewe uwapime. Na mifuko hii, nishonee ya milango yote ya bweni."

Alipoondoka, Mama Pindo alitoka mbio mpaka kwa Bibi Shamba. Alimkuta akivua buti zenye matope. Alimshika mikono yote miwili.

"Ahsante, dada," alisema. "Ahsante mpaka nione aibu. Ulikuja kuchukua gauni, ukaniokolea kazi."

"Mshukuru aliyeniita ndani, jirani. Wewe ulikuwa unanifukuza mlangoni."

Mama Pindo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alirudi nyumbani akamkuta mama mkwe kwenye uzio, akifunga miche mipya ya maharage kwenye miti. Mumewe alikuwa ameshika kamba. Mama Pindo akapiga goti pembeni yao, akaanza kusaidia.

"Mama," alisema, "nakushukuru. Nisingemwambia mtu mpaka kitambaa kiondoke. Mungu akuzidishie."

"Ni kweli umetusaidia," kinyozi alisema. "Lakini mama, siku ile ulimwaibisha mkweo mbele ya mgeni. Ungemwomba radhi tu, yaishe."

Mama mkwe alikaza fundo, akaikata kamba kwa meno.

"Nilipiga kelele, ndiyo. Na pangekuwa na wageni kumi mlangoni, ningepiga kubwa zaidi. Siombi radhi."