Hilda Anajua Hadi Mia

Jumatatu jioni Filemon alikuwa anakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba yake, huko Kilema. Ghafla jirani yake Thadeus alipiga kelele.

"Filemon! Njoo uone! Mtoto wako anang'oa mpaka!"

Filemon alikimbia. Hilda, binti yake wa darasa la kwanza, alikuwa amekumbatia masale mengi. Mimea hiyo ndiyo inayoonyesha mwisho wa kihamba cha mtu, yaani shamba la nyumbani kwake, na mwanzo wa kihamba cha mwenzake. Haichezewi.

"Mwalimu kasema tulete vijiti kumi vya kuhesabia," Hilda alisema.

"Hivyo ni kumi?" Thadeus aliuliza. "Au unataka kunihamisha, mama?"

Filemon alimwomba jirani radhi, akayarudisha masale udongoni. Wakati wa kula hakutulia. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Shule gani hii?" alimwambia mkewe, Dominika. "Kila siku vijiti, vizibo, punje za kahawa. Daftari jeupe! Mimi mwenyewe nimemfundisha Hilda kuhesabu hadi mia. Jumamosi dada yangu Victoria anakuja. Atamchukua akasome kwake Rau."

"Baba Hilda! Mtoto mdogo hivi akalale mbali na mimi?"

"Atazoea."

Hilda aliacha kula.

Kesho yake Filemon alikwenda shuleni kuaga. Darasani kulikuwa na makelele. Watoto walikaa chini kwa makundi, wakichambua kahawa: mbivu huku, mbichi kule.

"Mwalimu Mektrida," alisema, "mwanangu anajua hadi mia, na wewe unamchezesha."

"Karibu, baba Hilda. Hebu tumwone. Hilda, mhesabie baba kahawa hizi."

Hilda alihesabu haraka kama anayeimba. Mdomo ulitangulia, kidole kikabaki nyuma. "Kumi na tisa, ishirini!"

Mezani zilikuwa nane. Filemon alizihesabu, akarudia.

"Lakini nyumbani hakosei!"

"Anajua kutaja namba, na hilo ni jema," mwalimu alisema. "Bado hajajua kwamba kila namba inakwenda na kitu kimoja."

Filemon alikuna kichwa. "Ndiyo maana jana aliambiwa kumi, akaleta mpaka mzima."

Mwalimu alicheka. "Basi tusaidiane. Anzeni na vitu vitano, siyo mia. Aguse kimoja, ataje namba moja, akisogeze pembeni. Akimaliza, muulize: vyote ni vingapi? Tumieni ndizi, viazi, chochote kilichopo."

"Na daftari?"

"Litajaa tu. Kwanza aijue tano yenyewe, ndipo aiandike."

"Jumamosi dada yangu anakuja," Filemon alisema, akaondoka bila kuaga vizuri.

Jioni ile Dominika alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hilda aligusa moja, akaisogeza. Akagusa nyingine. Alipofika ya sita alipotea, akaanza upya.

"Haraka, mama! Baada ya sita inakuja nini?" Filemon alisema.

"Mwache. Unamkimbiza," Dominika alijibu.

Filemon alitoka, akazunguka banda la ng'ombe, akarudi. Hilda alikuwa bado anasogeza ndizi.

Alhamisi darasani walipima madawati kwa shibiri. Hilda alirudi nyumbani akampima ng'ombe, akapigwa mkia usoni. Ijumaa walifanya duka, naye Hilda akawa muuzaji. Filemon aliyasikia yote hayo, lakini neno la Rau hakulifuta.

Jumamosi Victoria alifika na mfuko mkubwa mtupu wa kubebea nguo za Hilda. Thadeus naye alikuja kumsalimu mgeni.

"Hilda," Filemon alisema, "leta vikombe vya chai. Kila mtu na chake."

Hilda aligusa goti la baba, la mama, la shangazi, la Thadeus. Kisha akaenda jikoni. Filemon aliinuka amfuate. Dominika akamvuta shati.

Hilda alirudi na vikombe vitano.

"Aa, mama!" Thadeus alisema. "Tupo wanne. Umekosea."

"Sijakosea. Na mimi nakunywa."

Thadeus alicheka mpaka akakohoa. Filemon alichukua birika, akammiminia Hilda kwanza.

"Dada," alimwambia Victoria, "huo mfuko utarudi nao mtupu."