Poti Iliyokataa Kunyamaza

Namba ile haikutakiwa kujibu tena. Tabitha alikuwa ameshaihamisha seva ya zahanati kutoka poti 8080, namba ya mlango ambao kompyuta nyingine huingilia, kwenda 9090, wagonjwa wakiwa foleni na mfumo ukiendelea kuita majina. Marehemu Filbert, fundi aliyemtangulia, aliijenga programu hiyo ya Java vipande vipande makusudi, ili kipande kimoja kibadilishwe bila kuizima yote. Sasa 8080 ilipaswa kuwa kimya. Alipoijaribu, ikajibu.

Akatafuta ni programu gani inayoishikilia. Hakuna. Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi wa mgombani, kama wa kaburi jipya, saa nne asubuhi, Moshi mjini, feni ikizunguka.

Kwenye ukurasa wa 8080 palikuwa na foleni ya watu watatu. Wa kwanza, Jacob, alifia mbele ya daktari kabla ya saa tano. Wa pili, Magreth, alianguka getini, hakuinuka. Wa tatu alikuwa Kornelia, mama yake Tabitha, aliyekaa benchi la nje akisubiri dawa ya presha.

Asiyesikia la mkuu, unajua mwenyewe. Flavia, dada mkubwa wa Filbert, alikuwa amemsihi asiguse kazi ya marehemu kabla matanga hayajaanuliwa kule kijijini kwao Uru. Akamjibu kwamba kompyuta haina matanga. Sasa anampigia simu huyo huyo Flavia. Flavia akaja na jani la isale, ambalo Mchaga akiombwa nalo msamaha hakatai, akalilaza juu ya seva na kunong'ona Kichaga.

"Mrudishie namba yake," akasema taratibu. "Na mama yako akisikia anaitwa, asiitike."

Tabitha akairudisha seva 8080, akatoka mbio, akamweleza mama yake sikioni, akamshika mkono na kumkokota kuelekea getini huku harufu ya udongo ikiwafuata, spika ya ukumbini ikikoroma, ikinyamaza, ikikoroma tena, naye akiogopa kwa kweli, akiogopa hata kugeuka.

Mama akasimama. Akageuza shingo kuelekea chumba cha seva, akisikiliza. Tabitha hakusikia kitu.

"Abee, mwanangu," mama akaitika. "Nakuja. Mbona unaniita ukilia hivyo?"

Tabitha alikuwa ubavuni pake, mdomo ameufumba. Mkono alioushika ukalegea.