Ufa Uliopinda kwenye Gitaa la Cleophus

Mgeni aliingia karakanani bila kubisha, theluji ikiwa bado mabegani, akalaza kasha la gitaa juu ya meza ya kazi kama mtu anayerudisha nyama iliyooza buchani.

"Nani hapa anaitwa Geneva Hoekstra?"

"Mimi. Karibu. Usilifungue kwanza, limetoka kwenye baridi; vanishi itapasuka."

"Najua, dada. Baba alinifundisha hilo kabla ya kunifundisha kufunga kamba za viatu." Alivuta kiti akakaa. "Nitangoja lipate joto. Ila nikiwa nangoja, nijibu swali la Mama: gitaa letu mmelipeleka wapi?"

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, Februari, na Kalamazoo yote ilikuwa nyeupe. Geneva aliangalia upande wa tanuri, alipokaa Mzee Wendell Oosting, mwenye karakana, aliyemfundisha kazi tangu akiwa msichana. Mzee alikuwa akichonga mfupa wa kushikilia nyuzi za gitaa jingine. Hakuinua kichwa.

Mgeni alijitambulisha: Thaddeus Broadnax, dereva wa basi la shule, kutoka Battle Creek. Marehemu baba yake, Cleophus, alikuwa amepiga gitaa lile kanisani maisha yake yote. Mwezi wa nane, shemeji yake Lucius alilileta hapa kwa sababu tundu la waya wa spika lilikuwa limelegea. Likarudi mwezi wa kumi na moja. Mama yake, ambaye macho yamekwisha, akalipakata, akalipapasa, akasema: hili si la Cleo.

"Na wewe ulisemaje?" Geneva aliuliza.

Thaddeus alitazama viatu vyake. "Nilisema, Mama, umechoka, kalale. Kila siku analisema hilohilo. Dada yangu anaona akili imemruka. Jumamosi saa nane familia inakaa kumpeleka nyumba ya wazee. Nimekuja ili nikalale na moyo mweupe, basi. Uniambie ni lenyewe, nirudi zangu."

Gitaa Geneva alilikumbuka. Alilipokea yeye mwenyewe, akalipiga picha kama anavyopiga kila kinachoingia. Kisha dada yake akajifungua mapacha kule Lansing, naye akaenda kumsaidia hadi Krismasi.

"Mzee, hili ulilimaliza wewe?"

"Tundu tu," alijibu Wendell. "Nikalilehemu, nikamkabidhi yule shemeji. Likitoka hapa, sijui limelala wapi."

Mchana, kasha lilipokuwa na joto la chumba, walilifungua. Lilikuwa zuri: rangi ya asali katikati, ikikolea kuwa kahawia kingoni, na nyufa nyembamba zimetambaa usoni kama mistari ya kiganja. Thaddeus alivuta pumzi. "Unaona? Ndilo."

Geneva alinusa ndani ya kasha. Kulikuwa na harufu tamu kidogo ya vanishi mpya, kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Alivuta pazia, akawasha taa ya zambarau ya kukagulia vanishi.

"Vanishi ya zamani ikimulikwa hivi hung'aa kijani hafifu," alisema polepole, "kama maji ya bwawa. Angalia lile gitaa ukutani, la mwaka wa hamsini na tisa."

Lile la ukutani liling'aa. La mezani lilibaki na weusi wa samawati.

Geneva akafungua pazia. Thaddeus aligeuka kumtazama. "Kwa hiyo Mama..."

"Mama yako yuko sawa."

Mtu yule mkubwa alifunika uso kwa kofia yake.

Jumatano Geneva aliendesha gari hadi Battle Creek, gitaa likiwa kiti cha nyuma. Alimkuta Lucius Tate akikoroga sufuria ya maharage jikoni kwa mama mkwe. Thaddeus alikuwa amekwisha kumhukumu: Lucius ndiye aliyelipeleka, ndiye aliyelichukua, ndiye aliyesema siku nyingi kwamba gitaa linaloning'inia bure ni ujinga.

"Nilisema liuzwe, ndiyo," Lucius alikubali. "Nilisema mezani, watu wote wakisikia, nikatupiwa mkate. Mwizi gani anatangaza kwanza?"

"Ulipolichukua, ulilifungua?"

"Kwenye baridi ile? Ningefufua maiti ya baba mkwe anipige kofi. Niliacha kasha ukumbini mpaka kesho yake. Akalifungua Mama mwenyewe."

"Na ilichukua miezi mitatu. Kwa tundu la waya."

"Hilo kamuulize yule mzee wako! Kila nikipiga simu ananiambia, vumilia, vanishi haijakauka."

Geneva aliacha kuandika. "Alisema vanishi?"

"Mara tatu. Mimi fundi bomba, nitajuaje gitaa linahitaji nini?"

Tundu la waya halihitaji vanishi hata tone moja.

Chumbani, Mama Earlene Broadnax alikaa wima kama yuko kanisani. Alinyoosha mikono, Geneva akampakatisha gitaa. Kucha ya kidole gumba ilianza kutembea juu ya uso wake.

"Mwaka wa sabini na nane, ile dhoruba kubwa," alisema Mama. "Cleo katoka kupiga mkesha, gari limekwama, katembea na kasha mpaka hapa. Mimi nina mkaango jikoni, moto unawaka. Mwanamume ana furaha, anataka kunipigia wimbo palepale. Kafungua kasha kando ya jiko. Binti, tulisikia! Tii, tii, tii. Kama barafu unapomwagia chai."

"Akafanyaje?"

"Akalia. Mimi nikacheka. Nikamwambia, sasa linafanana na mimi, lina mikunjo yake." Kucha ilisimama. "Nyufa kuu tatu, zinaanzia hapa mkono ulalapo, zinakwenda sambamba. Hizi zimo. Lakini zina ncha, zinakwaruza. Za Cleo zilikuwa laini, ni kwa miaka ya jasho. Na hii hapa siijui." Kucha ilifuata mstari mmoja mrefu, uliopinda kutoka kwenye vifungo vya sauti hadi ukingoni, kama upinde. "Hii imetoka wapi?"

Geneva aliinama na kioo cha kukuzia. Mama alisema kweli: mistari mikuu ilikuwa na midomo iliyoinuka kidogo. Ilikatwa kwa wembe. Vijistari vidogo kati yake vilifanywa kwa dawa ya kupuliza ya kugandisha. Lakini ule uliopinda ulimsumbua zaidi. Vanishi hukauka na kukakamaa mwaka hadi mwaka huku mbao chini yake ikiendelea kuvimba na kusinyaa, na inapopasuka hukatiza nyuzi za mbao. Haichori upinde. Kwa nini mtu mwenye ustadi kiasi hiki achonge ufa usiowezekana?

"Utamjua aliyefanya," Mama alisema. Hakuwa anauliza.

"Nadhani nitamjua, Mama."

"Basi uje uniambie wewe mwenyewe, kabla hawajanipigia kura Jumamosi. Tena mbele yao. Usimtume Thaddeus, huyo atalipunguza makali asiniumize. Nimechoka kupunguziwa."

"Nitakuja."

"Sema naahidi."

"Naahidi, Mama."

Usiku ule Geneva hakulala vizuri, na Ijumaa jioni, wateja walipokwisha, aliweka picha ya mwezi wa nane mezani mbele ya Mzee Wendell. Gitaa lilikuwa kando yake.

"Uzi wa kwanza ulikuwa umekatika siku lilipokuja," alisema. "Niliupiga picha ukiwa bado unaning'inia. Tazama ulivyolala juu ya tumbo."

Uzi mwembamba ulipita usoni mwa gitaa kwa upinde, kutoka kwenye vifungo hadi ukingoni.

Wendell alivaa miwani. Aliangalia picha, kisha gitaa, kisha picha tena. Kwa sekunde moja ilionekana kama atacheka.

"Uzi," alisema. "Nimechonga uzi."

"Aliyekuwa na gitaa lenyewe mkononi asingedhani uzi ni ufa. Kosa hili ni la mtu aliyelitoa mapema, akabaki na picha peke yake. Na picha hii haijawahi kutoka humu ndani. Tunaoijua ni wawili."

"Mnunuzi alikuja Septemba. Alitaka aondoke nalo siku ileile." Alivua miwani. "Mwili wa gitaa kama lile nilikuwa nao kule gereji kwangu, nilichonga zamani, mikono ikiwa bado mikono. Nikalinganisha kivuli cha rangi wiki nzima. Nilimdanganya kila mwenye macho, mwanangu."

"Ukamsahau asiyekuwa nayo."

"Sikumjua!"

"Kwa nini, Mzee?"

Alionyesha paa, tanuri, misumeno iliyopangwa ukutani. "Mwenye nyumba alitaka kututoa. Wewe uko Lansing unabeba mapacha, mimi mikono hii haimalizi tena hata kazi moja kwa wiki. Ningekuachia nini? Nilitaka ukirudi uikute karakana, ukae ufanye kazi."

Hilo ndilo lililomuuma Geneva: alimwamini. "Kuna mama anapelekwa nyumba ya wazee kwa sababu amesema kweli."

"Nipe hadi Jumatatu. Mnunuzi yuko Chicago, namjua, nitalirudisha kimyakimya. Waambie tulikosea, tuliwapa gitaa la mteja mwingine. Mama anapata lake, sisi tunabaki na jina. Ukisema kesho mbele ya watu, nani ataleta gitaa hapa tena? Hutakuwa na mahali pa kufanyia kazi, Geneva. Siku tatu tu."

Haukuwa ombi la kijinga. Alilifikiria akiwa amesimama, mikono mezani, muda mrefu.

"Chicago utakwenda," alisema mwishowe, "tena utakwenda na polisi. Nitawapigia asubuhi, uwe umejiandaa. Mimi nina miadi saa nane."

Jumamosi barabara ilikuwa na barafu, lakini alifika robo saa kabla ya muda. Sebule ilikuwa imejaa. Dada yake Thaddeus, Vernetta, alikuwa amekaa na bahasha ya fomu za nyumba ya wazee mapajani, macho mekundu. Lucius alimpisha kiti. Geneva hakukaa. Alichuchumaa mbele ya Mama Earlene, akamshika mkono.

"Mama, ni mimi, Geneva. Nimekuja mwenyewe."

"Sema kwa sauti. Huyu Vernetta anasikia anachotaka."

"Gitaa si la Baba Cleophus. Lilibadilishwa, na ulijua tangu siku ya kwanza. Aliyelibadilisha ni Wendell Oosting, fundi aliyenifundisha, ndani ya karakana yetu. Saa hizi yuko kituoni anaeleza liko wapi."

Vernetta aliinama, akaziba mdomo kwa bahasha ile, mabega yakaanza kumtikisika. Thaddeus alikwenda akapiga magoti kando ya kiti cha mama yake, akainamisha kichwa.

"Dada," Lucius aliuliza taratibu, "unajua hii habari itafika Kalamazoo kabla yako? Utafungua wapi Jumatatu?"

"Sijui," alisema Geneva.

Mama Earlene alipapasa hewani hadi akapata kichwa cha mwanawe, kisha kwa mkono mwingine akapata shavu la Geneva. Alikuta limelowa. Alilipangusa kwa kidole gumba, polepole, mara mbili.

"Haya," alisema. "Sasa naweza kukaa na ninyi."